Tundu lao, hasara yetu: kampuni inayojua mlango uko wazi, ilipe



Kuna mama mmoja anauza samaki ya chumvi mu soko ya Butembo. Jina lake hatulitaji, na kampuni ya simu tunayoisemea hapa hatuitaji pia, juu mama si yeye peke yake na kampuni si moja tu. Wamama 12 wa soko walimpa kazi ya kutunza franga za likelemba yao, na yeye, kwa kuogopa wezi wa nyumba, akaziweka mu simu. Jioni moja laini yake ikakufa. Akafikiri ni rezo tu, sawa vile rezo inapotea kila siku. Kesho yake akahangaika mpaka laini ikarudi, kijana wa kabine akamsaidia kuangalia: dola 240 zilikuwa zimeondoka usiku, mara 3, kwenda kwa namba asizozijua.

Sasa sikilizeni hii. Siku 2 kabla ya pale, mtu alikuwa amempigia. Alijua majina yake yote 3. Alijua tarehe ya kuzaliwa, sawa vile imeandikwa kwenye kadi ya mpiga kura. Alijua hata kiasi ambacho mama alituma mara ya mwisho. Hakumuomba kode ya siri. Alisema tu, "Mama, tunahakikisha laini yako," akakata.

Kwa kampuni mama alisimama kwenye mstari tangu asubuhi mpaka saa za mchana. Jibu alilopata ni hili: "Mama, wewe njo ulitoa kode yako." Basi. Hakuna karatasi, hakuna namba ya malalamiko, hakuna mtu aliyeandika kitu. Na sasa wamama 11 wanamtazama kama mwizi.

Sisi hatukuwa ndani ya mashine za kampuni. Inawezekana mfanyakazi aliuza majina. Inawezekana mtu alitengenezewa laini nyingine kwa jina la mama. Inawezekana programu yao iko na tundu ambamo majina na hesabu za watu vinavuja. Lakini ona namna mambo yalivyopangwa: wanaoweza kujua ni wao, wanaochunguza ni wao, wanaohukumu ni wao, na anayelipa ni mama. Hilo njo tunakataa.

Tuongee kwanza kuhusu matundu yenyewe, juu wakubwa wanapenda kutuambia kwamba mambo ya kompyuta ni ya wataalamu tu. Si magumu hivyo. Programu yoyote iko na matundu, hata ile iliyoandikwa na mafundi wazuri kabisa. Tundu likigunduliwa, wenye programu wanatoa kiraka, yaani kipande cha kode cha kuziba, na wanatangazia dunia nzima: hapa kuna tundu, zibeni. Tangazo lile linasomwa na watu wa aina 2, fundi wa kampuni na mwizi. Atakayewahi njo anashinda. Kwa hiyo kabla ya tangazo unaweza kusema ni bahati mbaya. Baada ya tangazo, tundu ambalo halijazibwa ni mlango ambao umeambiwa uko wazi, na wewe ukaendelea na kazi zako.

Kuna mfano mmoja mkubwa ambao kila kijana wa nchi hii anapaswa kuujua. Equifax ni kampuni ya Marekani inayokusanya habari za madeni ya watu: nani alikopa, nani alilipa, anakaa wapi, alizaliwa lini. Watu wenyewe hawakuichagua, habari zao zilifika tu pale. Tarehe 7 mwezi wa 3, 2017, kiraka kilitolewa kwa tundu kubwa kwenye programu inayoitwa Apache Struts, ambayo Equifax ilikuwa inatumia. Kesho yake ofisi ya serikali ya Marekani inayoangalia usalama wa mitandao ikatuma onyo. Tarehe 9 barua pepe ikazunguka ndani ya kampuni: zibeni kwa saa 48. Tarehe 10 wezi walikuwa tayari wamepata mlango. Mnasikia? Siku 3.

Saa 48 zikapita, wiki zikapita. Mlango ule haukuzibwa. Kuanzia katikati ya mwezi wa 5 mpaka mwisho wa mwezi wa 7 wezi walikuwa ndani, wanachota. Kampuni ilikuwa na mashine ya kuchunguza kinachotoka kwenye mitandao yake, lakini cheti cha ile mashine kilikuwa kimeisha muda tangu miezi mingi, hakuna aliyekihuisha, kwa hiyo mashine ilikuwa imesimama pale kama sentineli aliyelala. Siku walipoweka cheti kipya, tarehe 29 mwezi wa 7, waliona wizi saa ile ile. Wananchi waliambiwa tarehe 7 mwezi wa 9. Watu karibu milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za utambulisho. Mkubwa wa kampuni alipoitwa mbele ya wabunge wa Marekani, alieleza kwamba kuna mtu mmoja hakufikisha ujumbe kwa waliotakiwa kuziba. Kampuni inayoingiza dola zaidi ya bilioni 3 kwa mwaka, na usalama wa watu milioni 147 unaning'inia kwa mfanyakazi mmoja! Sawa kabisa na "mama, wewe njo ulitoa kode". Kila mara kuna mdogo wa kubebeshwa.

Watu wengine watatuambia: lakini mwenye kosa ni mwizi. Ndiyo, mwizi ni mwizi. Mwaka wa 2020 Marekani ilishtaki wanajeshi 4 wa China kwa wizi ule. Na bado Equifax ililipa. Mwezi wa 7, 2019, ilikubali kutoa dola milioni 575 kwa uchache, mpaka milioni 700, kwa serikali na kwa walioumizwa. Mambo haya 2 hayagombani. Mlinzi aliyeambiwa kwamba kufuli imevunjika na akaenda kulala, hawezi kujificha nyuma ya mwizi.

Na tusidanganyane kwamba huko kwao kila kitu ni kizuri. Katika zile milioni za Equifax, watu waliambiwa wanaweza kuomba dola 125 kila mmoja. Mfuko uliowekwa kwa ajili hiyo ulikuwa dola milioni 31 tu. Wakaomba wengi, na serikali yenyewe ikabidi iwatangazie kwamba hawatafika hata karibu na 125. Huko Uingereza kampuni ya ndege British Airways iliibiwa habari za wateja zaidi ya 400,000 mwaka wa 2018, na haikuona kitu kwa miezi 2 na zaidi, mpaka mtu wa nje alipoiambia. Ofisi ya kulinda data ikatangaza kwanza faini ya pauni milioni 183. Mwaka wa 2020, corona ikiwa imeangusha ndege na kampuni ikiwa imeleta maelezo yake, faini ikabaki milioni 20. Kwa hiyo tunajua: kampuni kubwa iko na mawakili wakubwa, na faini nayo inapungua njiani. Njo maana hatusemi tu "wekeni faini". Tunauliza faini inahesabiwa namna gani, na inaenda kwa nani.

Ulaya wamejibu swali la kwanza vizuri. Tangu mwezi wa 5, 2018, kampuni inayochezea data za watu inaweza kulipa mpaka euro milioni 20 au 4 kwa mia ya mapato yake ya mwaka mzima, dunia nzima, ile itakayokuwa kubwa. Tena ikigundua kwamba data zimevuja na watu wanaweza kuumia, iko na saa 72 za kuitangazia mamlaka. Maana ya 4 kwa mia ni rahisi. Ukiweka faini ya kiasi kimoja kwa wote, tajiri anaiandika kwenye kitabu chake kama bei ya mafuta ya jenereta, analipa, anaendelea. Mwaka wa 2018 Uingereza iliipiga Equifax faini pauni 500,000 kwa wizi ule ule, juu sheria yao ya zamani haikuruhusu kupita pale. Nusu milioni, kwa kampuni ya mabilioni! Kwake ni senti ya kununua beignet.

Msiseme hayo ni mambo ya wazungu. Afrika Kusini, mwaka wa 2021, mashine za wizara yao ya sheria zilivamiwa na wezi wanaofunga data na kudai pesa, na faili zaidi ya 1,200 zikapotea. Mamlaka yao ya data ikachunguza, ikakuta aibu: leseni ya programu ya kuzuia virusi na leseni za mashine za kugundua wavamizi zilikuwa zimeisha tangu 2020, wizara haikulipia upya. Ikaamriwa kurekebisha, haikufanya kwa wakati. Mwezi wa 7, 2023, ikapigwa faini ya randi milioni 5. Serikali ilipiga faini wizara ya serikali! Na Kenya hapa jirani, mwezi wa 9, 2023, ofisi yao ya data ilipiga faini ya karibu shilingi milioni 3 kampuni moja inayokopesha kwa simu, juu ilitumia namba za watu kuwasumbua na kuwatisha. Si pesa nyingi. Lakini mtu wa Nairobi aliyetishwa na ujumbe wa deni iko na mlango wa kugonga.

Sisi tuko na nini?

Tuko na sheria. Tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, rais aliweka sahihi kwenye ordonnance-loi namba 23/010, ile inayoitwa Code du numérique. Inasema data za mtu zilindwe, inataja mamlaka ya kuzilinda, iko na kurasa nyingi za adhabu. Ni sheria nene. Lakini angalieni ni mkono gani wa sheria ile wenye nguvu. Kifungu cha 360 kinasema anayeanzisha au anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa mitandao ya kijamii anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka 6 na kulipa franga 500,000 mpaka milioni 1. Hicho kila mwandishi wa habari wa nchi hii anakijua, kila mmoja wetu anayeandika posti usiku anakijua. Sasa tuulizeni mtaani, Butembo, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi: nani anamjua mtu mmoja, mmoja tu, aliyelipwa na kampuni juu ya data zake kuvuja? Kijana akikosea mstari mmoja kwenye Facebook, sheria inajua nyumba yao. Kampuni ikiacha tundu wazi, sheria inatafuta viatu.

Na wasituambie kwamba serikali haina uwezo wa kiufundi. Tunakumbuka RAM. Mwezi wa 9, 2020, ARPTC ilileta ule mpango wa kuandikisha simu, wakatuambia ni juu ya kutulinda na simu za bandia na za wizi. Dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya 3G na kupanda, inakatwa moja kwa moja mu inite zako, hata ukiwa umenunua inite za kumpigia daktari. Mashine zilifanya kazi vizuri sana siku ile! Zilijua kila simu, kila laini, kila senti. Watu walipiga kelele, wabunge wakapiga kelele, mpaka mwaka wa 2022 ikaondolewa. Kwa hiyo uwezo wa kuingia ndani ya mashine za kampuni za simu upo. Uliingia kutafuta dola zetu. Uingie sasa kutafuta matundu.

Hapa kwetu mashariki jambo hili si la pesa peke yake, hata kama dola 240 ni mtaji wa wamama 12. Kila laini imeandikishwa kwa kadi ya mpiga kura, ambayo njo kitambulisho chetu. Nyuma ya namba yako kuna jina lako, kijiji chako cha asili, nani unampigia, nani anakutumia pesa, simu yako inalala upande gani. Mu Kivu na Ituri, hebu fikiri orodha ile ikiwa mkononi mwa mtu mwenye bunduki, wa upande wowote. Marekani data zikivuja, mtu anaogopa kukopewa kwa jina lake. Sisi tunaogopa kubishiwa mlango usiku. Na ndugu zetu wa Goma wanajua tangu mwanzo wa 2025: benki zikifungwa, simu njo inabaki benki, kijana wa kabine njo anakuwa kasha. Huwezi kumwambia mtu wa Goma "kama huna imani, toa pesa zako mu simu". Azipeleke wapi?

Watasema faini zitapandisha bei ya mega. Tumeshalipa bei hiyo, lakini analipa mmoja mmoja, kimya kimya, mwenye bahati mbaya. Watasema kampuni zitakimbia Kongo. Zimekaa kwenye vita, kwenye Ebola, kwenye volkano, juu Wakongo wanaendelea kununua inite. Hazitakimbia kiraka.

Kuna hoja moja tunaiheshimu: kampuni ndogo za vijana wenzetu, wale wanaotengeneza programu ndogo Goma ama Lubumbashi na kompyuta 3, faini kubwa inaweza kuwaua. Ni kweli, njo maana hesabu iwe kwa mia ya mapato na si kiasi kimoja kwa wote. Na anayesema mapema "tumepata tundu, tumeliziba, hawa njo wameguswa" apunguziwe. Adhabu nzito tunaitaka kwa yule aliyejua na akanyamaza.

Kisha kuna vijana wenye akili ya mashine. Tunawajua, wengine ni wa harakati yetu. Wanaona tundu kwenye programu ya ofisi fulani, wananyamaza. Juu ukienda kusema, swali la kwanza ni "wewe uliingiaje?", na kuingia mu mashine ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa sheria ile ile. Kwa hiyo anayeona mlango wazi na kuita mwenye nyumba anaogopa gereza, na mwizi haogopi kitu. Kijana asiyeiba, asiyeharibu, asiyechapisha data za watu, aliyetoa habari kwa mwenye programu na kwa mamlaka, asiguswe. Tunataka iandikwe.

ARPTC, na Benki Kuu ya Kongo ambayo njo inatoa ruhusa kwa wenye kuweka pesa mu simu, tunawadai hivi. Mchapishe orodha ya faini zote mlizowahi kupiga juu ya usalama wa data na pesa za wateja, na kama ukurasa ni mweupe, mchapishe ukurasa mweupe. Mkaguzi wa nje, asiyelipwa na kampuni, aangalie mashine zao kila mwaka, na wananchi wajue matundu mangapi yalizibwa na yalichukua siku ngapi. Data ikivuja, wenyewe wajulishwe kwa saa 72, kwa SMS, kwa lugha wanayoielewa. Kiswahili kipo, Lingala ipo, Kikongo kipo, Tshiluba ipo, juu wanapotaka kutuuzia bahati nasibu wanajua kuandika lugha zetu zote. Sehemu kubwa ya faini iende kwa walioibiwa, si kupotelea Kinshasa. Na pesa ikitoka usiku kwenye laini iliyobadilishwa, kampuni njo ilete ushahidi kwamba mteja alikosea. Mama wa samaki hana mashine ya kuthibitisha kitu.

Wizara, CENI na ofisi zote za serikali zinazoshika majina yetu ziingie kwenye sheria hii sawa vile kampuni. Afrika Kusini wameweza.

Wewe unayesoma, kama wewe ama mtu wa kwenu alipoteza pesa mu simu, usiishie kwa kijana wa kabine, yeye pia ni mnyonge kama wewe. Andika barua: siku, saa, kiasi, namba ilikokwenda. Fanya nakala 2. Peleka kwa kampuni na udai wapige muhuri kwenye nakala yako. Wakikataa kupokea, andika jina la ofisi na saa waliyokataa, mbele ya shahidi. Kisha tutumie picha ya nakala ile. Barua za Butembo tumeanza kuzikusanya, ya mama wa samaki njo ya kwanza, na tutazipeleka ARPTC pamoja, kwa mkono. Kode ya siri usiiandike popote, hata kwetu.